Umeme wa kituo cha mafuta: kupanga zoni, kuchagua vifaa vya Ex na kupitisha nyaya

Asubuhi moja niliitwa kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu kwa sababu breka ya taa za uwanjani ilikuwa inajizima ovyo. Nilipofungua mlango wa DB (sanduku la kugawia umeme) ndani ya chumba cha keshia, harufu ya petroli ikanijia usoni kabla sijagusa skrubu hata moja. Dada wa kaunta akaniambia, "Hiyo ipo kila siku, fundi, hasa asubuhi. Tumeshaizoea." Chini ya DB kulikuwa na kondiuti tatu za plastiki zinazotoka ardhini. Mbili zilikuwa na nyaya. Ya tatu ilikuwa tupu, imeachwa wazi kwa ajili ya pampu itakayoongezwa baadaye. Nikashika kipande cha tishu juu ya mdomo wake, kikapeperuka kidogo kuelekea kwangu. Upande wa pili wa bomba lile ulikuwa kwenye shimo lililo chini ya pampu namba 2, na hatua mbili kutoka pale niliposimama friji ya soda ilikuwa ikijiwasha na kujizima.

Sikugusa swichi yoyote humo ndani, kwa maana swichi ndiyo cheche yenyewe. Nilimtoa dada nje, tukaacha mlango na madirisha wazi, mauzo yakasimama, na umeme tukaukatia kwenye swichi kuu ya nje, kando ya mita, mbali na uwanja. Pampu za kituo kile zilikuwa na vyeti halali na vibao safi. Usalama wote ule wa gharama kubwa ulikuwa umepotea kupitia bomba moja ambalo halikuzibwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa fundi mwenye leseni anayekwenda kufunga au kukagua umeme wa kituo cha petroli, na kwa mwenye kituo anayetaka kujua analipia nini. Tanzania leseni za ufungaji umeme na za vituo vya mafuta hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA; Kenya ni EPRA. Asiye na leseni asome ajue, lakini asiguse. Viwango ninavyovifuata ni vya familia ya IEC 60079, viwango vya kimataifa vya umeme mahali penye hewa inayoweza kulipuka, na pale ninapotaja vipimo vya Marekani nitasema.

Hatua ya 1: Ujue mvuke kabla ya waya

Kinachowaka si petroli ya maji, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna mahali Afrika Mashariki, hata kileleni Kilimanjaro, ambapo utasema leo baridi imetuokoa. Mchanganyiko unawaka mvuke ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Chini ya hapo ni hafifu mno, juu ya hapo hewa haitoshi. Lakini usijifariji na huo wa juu: mvuke mzito ukitoka shimoni lazima upite katika kiwango kinachowaka wakati unachanganyika na hewa ya nje.

Piga hesabu ndogo uone ukubwa wa jambo. Lita 1 tu ya petroli ikigeuka mvuke wote, inaweza kuchafua zaidi ya mita 10 za ujazo za hewa hadi kiwango cha kuwaka. Hicho ni chumba cha mita 2 kwa 2 chenye urefu wa mita 2.5, yaani chumba cha keshia.

Jambo la pili ni uzito. Mvuke wa petroli ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia mashimoni, kwenye mitaro na kwenye kondiuti, unatafuta bonde kama maji yanavyofanya. Gesi ya kupikia nayo ni nzito: propani karibu mara 1.5 ya hewa, butani karibu mara 2. Ndiyo sababu mitungi haiwekwi kando ya mtaro au juu ya mfuniko wa shimo. Haidrojeni inayotoka kwenye betri zinazochajiwa ni kinyume chake, inapaa hadi darini, na inawaka kuanzia asilimia 4. Chumba cha betri za sola kinahitaji matundu juu. Mahali pa petroli panahitaji hewa ipite chini.

Dizeli haina haraka kiasi hicho, kwani huanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 55. Hata hivyo kama tanki la dizeli linashirikiana bomba la kupumulia na la petroli, au lori limebeba petroli safari iliyopita, mvuke wa petroli umo humo. Mimi huipanga dizeli sawa na petroli kila mabomba yanapokutana.

Hatua ya 2: Chora zoni

Usinunue hata glandi moja (kifungio cha kebo inapoingia kwenye kisanduku) kabla ya mchoro huu. Zoni zinapangwa kwa kuuliza: mvuke unaoweza kuwaka upo hapa kwa muda gani?

Zoni 0 ni mahali ambapo upo daima au kwa muda mrefu. Zoni 1 ni mahali ambapo hutarajiwa kutokea katika kazi ya kawaida. Zoni 2 ni pale ambapo hautarajiwi, na ukitokea haukai. Wahandisi wengi hutumia kipimo cha kukadiria: zaidi ya saa 1000 kwa mwaka ni Zoni 0, kati ya 10 na 1000 ni Zoni 1, chini ya 10 ni Zoni 2. Kwa vumbi la unga au la makaa namba ni 20, 21 na 22, na mantiki ni ileile.

Kituoni, ndani ya tanki ni Zoni 0. Sehemu ya chini ya pampu, yenye mabomba na mota, pamoja na shimo lililo chini yake, ni Zoni 1. Mashimo ya matanki yenye viungio vya kupokelea mafuta yahesabu kuwa Zoni 1 kwa uchache, na pale bomba la lori linapounganishwa ndani ya shimo lenyewe mchoro unaweza kuyapandisha hadi Zoni 0. Uso wa uwanja kuzunguka pampu ni Zoni 2.

Kwa umbali, vipimo vya Marekani vya vituo vya mafuta ni picha nzuri ya kuanzia. Kuzunguka pampu, eneo la hatari linaenea mita 6 kila upande, lakini urefu wake juu ya ardhi ni sentimita 45 tu. Kuzunguka mdomo wa kujazia tanki ni mita 1.5 kama kiungio kinabana, mita 3 kama hakibani, kwa urefu uleule wa sentimita 45. Kwenye ncha ya bomba la kupumulia, sentimita 90 za kwanza pande zote ndizo kali, kisha hadi mita 1.5 ni nafuu. Tazama umbo lake: ni zulia nene lililotandikwa uwanjani, si kuba. Taa za paa zimo nje ya zulia. Soketi iliyofungwa sentimita 30 kutoka chini kwenye nguzo ya paa imo ndani. Viwango vya nchi yako vikitoa umbali tofauti, fuata hivyo, na mchoro utiwe saini na mtu aliyeidhinishwa.

Kisha tembea uwanjani na mchoro mkononi. Kila shimo, mtaro au kisima cha nyaya kilicho ndani ya zulia kinapanda daraja moja, kwa kuwa mvuke ukiingia hautoki. Hapo ndipo michoro mingi inakosea: juu ya ardhi wameandika Zoni 2, na kisima cha kuunganishia nyaya katikati yake nacho wameandika Zoni 2. Kiandike Zoni 1.

Hatua ya 3: Soma kibao herufi kwa herufi

Tuseme kisanduku kimeandikwa: Ex db eb IIB T4 Gb, Ta −20 hadi +55 °C, IP66.

Ex inasema kimetengenezwa kwa ajili ya hewa inayolipuka. Herufi ndogo ni mbinu ya kinga. "d" ni kisanduku kinachohimili mlipuko ndani yake bila kuutoa nje. "e" ni usalama ulioongezwa: viungio vimetengenezwa visitoe cheche wala kupata moto. "i" ni sakiti ambayo nishati yake ni ndogo mno kuwasha chochote, nayo ina ngazi: ia hubaki salama hata hitilafu mbili zikitokea, ib hitilafu moja, ic katika hali ya kawaida tu. "m" ni kifaa kilichozamishwa ndani ya resini, na "p" ni kisanduku kinachojazwa hewa safi yenye shinikizo.

IIB ni kundi la gesi. Kundi I ni la migodi ya makaa ya mawe. IIA inapimwa kwa propani, na petroli imo humo. IIB ni ya ethilini. IIC ni ya haidrojeni na asetilini, ndiyo kali kuliko zote. Kifaa cha IIB kinafaa kwenye petroli, lakini hakifai kwenye chumba cha betri kinachotoa haidrojeni.

T4 ni joto la juu kabisa la uso wa kifaa: T1 ni nyuzi 450, T2 ni 300, T3 ni 200, T4 ni 135, T5 ni 100 na T6 ni 85. Petroli hujiwasha yenyewe kwenye joto lililo juu ya 200 na chini ya 300, kwa hiyo T3 ndiyo mwisho wako. T4, T5 na T6 zinafaa pia.

Gb ni ngazi ya kinga (b ya "db" na "eb" inaonyesha ngazi hiyohiyo): Ga inaingia Zoni 0, Gb Zoni 1, Gc Zoni 2. Ya juu inaweza kutumika chini, ya chini haipandi.

Ta ndiyo inayosahaulika kwetu. Kama kibao hakijaandika Ta, kifaa kimepimwa kwa hewa ya nyuzi −20 hadi +40 tu. Kisanduku cheusi kinachopigwa na jua la mchana Tanga au Mombasa kinavuka hapo kwa urahisi, na ndugu zetu wanaofanya kazi Muscat na Dubai wanajua kwamba kwao hata kivulini panavuka. Agiza cha +55 au weka kivuli. IP66 ni kinga dhidi ya vumbi na maji tu.

Mwisho angalia namba ya cheti. Ikiishia na X, kuna masharti maalumu, yatafute kwenye cheti uyasome yote. Ikiishia na U, hicho ni kijenzi tu, hakiruhusiwi kufungwa peke yake.

Mashine za Marekani huja na lugha nyingine: "Class I, Division 1, Group D". Class I ni gesi na mvuke, II ni vumbi, III ni nyuzinyuzi kama za pamba. Division 1 inabeba kazi ya Zoni 0 na 1, Division 2 inakaribiana na Zoni 2. Group A ni asetilini, B haidrojeni, C ethilini, D petroli na propani. Zingatia kwamba neno hilohilo "Class" lina maana tatu zisizohusiana, na nimeona mafundi wazuri wakiteleza hapa. Class I ya eneo ni gesi. Class I ya kifaa cha umeme, kwa IEC, ni kifaa kinachohitaji waya wa ethi, wakati Class II kina insulesheni maradufu na Class III kinatumia volti ndogo za usalama. Halafu sakiti za Class 1, 2 na 3 za Marekani zinahusu ukomo wa nguvu; Class 2 huishia kwenye takriban VA 100 (volti mara ampea), ili isichome nyumba wala kumdhuru mtu. VA 100 ni nyingi sana mbele ya mvuke wa petroli. Adapta iliyoandikwa "Class 2" si salama kwa Zoni 1, na waya wa volti 12 wa kamera nao si salama kwa sababu tu haurushi mtu.

Hatua ya 4: Gawanya sakiti

Kila pampu ipate sakiti yake, breka yake na RCD yake (swichi inayokata umeme unapovuja), ili hitilafu ya pampu moja isizime uwanja wote na kumshawishi mtu airuke RCD kwa waya. Swichi ya kutenga ikate laini pamoja na nyutro. Nyutro inaweza kubeba volti kutokana na hitilafu ya jirani, na ukiifungua ndani ya pampu ikagusa bodi unapata cheche hata kama laini imezimwa. Breka zisiwe za kujirudisha zenyewe baada ya hitilafu.

Nyaya za mawasiliano kutoka kwenye mashine ya keshia hadi pampuni nazo ziwe na njia ya kutengwa. Hizi hubaki hai wakati fundi ameshazima umeme mkubwa na anaamini amemaliza.

Sasa swichi ya dharura. Kipimo cha Marekani kinaitaka iwe si karibu kuliko mita 6 na pampu, wala si mbali kuliko mita 30. Iwe mahali keshia anapoifikia bila kupita kwenye moto, na ikishabonyezwa irudishwe kwa mkono tu. Kwetu kuna swali la ziada ambalo michoro ya kigeni hailibebi vizuri: umeme unatoka wapi? Kituo cha kawaida leo kina gridi, jenereta, na mara nyingi sola yenye inveta. Nimebonyeza swichi za dharura nikakuta pampu zimezima lakini vioo vyake vinawaka, kwa kuwa UPS (chanzo cha akiba chenye betri) iliyo chini ya kaunta inalisha elektroniki kwa njia yake. Jaribu swichi hiyo mara tatu: ukiwa kwenye gridi, ukiwa kwenye jenereta, na ukiwa kwenye inveta. Kila mara, tumia mita kwenye DB kuthibitisha kwamba nyaya zote zinazokwenda uwanjani zimekufa.

Hatua ya 5: Kebo na uzibaji

Tumia kebo ya amadi, yaani yenye ngao ya chuma ndani, na ganda lake liwe lisiloliwa na mafuta. Isiwe na kiungio chochote ndani ya zoni. Ikibidi kuwa na kondiuti, ichimbiwe kwa mteremko unaoelekea uwanjani, isielekee jengoni, na nyaya za umeme mkubwa zisilale pamoja na za vipimo.

Kisha ziba. Kila kondiuti inayotoka kwenye zoni kwenda mahali salama izibwe pale inapoingia jengoni, na upande wa pili pia. Tumia kiunga cha kuzibia (dutu laini inayoganda) kinachostahimili petroli, ukijaze kati ya waya na waya, si kuzunguka fungu tu. Povu la dukani linalovimba halikubaliki. Linaonekana limejaa, ila petroli inalila na mvuke unapita. Silikoni ya madirisha vilevile. Kondiuti tupu, zile za baadaye, ziwekewe plagi ya kubana ncha zote mbili siku hiyohiyo zinapofukiwa. Usiache kwa sababu mtu wa pampu atakuja wiki ijayo.

Jaribio langu la uzibaji ni hili: subiri lori lipakue mafuta. Wakati huo mvuke unasukumwa kutoka matankini kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Weka kipima gesi kilichokaguliwa kwenye mdomo wa kila kondiuti chini ya DB. Kisome sifuri, na kiendelee kusoma sifuri mpaka lori liondoke.

Hatua ya 6: Kisanduku cha "d" na boliti zake

Kituo kingine nilikuta kisanduku cha mota chenye matundu manane ya boliti. Boliti zilikuwa tano, moja ni ya aina tofauti, na kuzunguka mfuniko wote fundi alikuwa amepaka silikoni nyeupe kwa uangalifu mkubwa, mstari umenyooka. Alidhani anakifanya kisivuje.

Kisanduku cha "d" hakikutengenezwa kisivuje. Mvuke unaruhusiwa kuingia. Ukiwaka ndani, kuta zinahimili shinikizo, na gesi ya moto inatoka kupitia mwanya mwembamba wa mfuniko, ikipoa njiani kiasi kwamba ikifika nje haiwezi kuwasha. Mwanya huo ndio kinga yenyewe. Boliti tatu zikikosekana mfuniko unatanuka wakati wa mlipuko, na mwali unatoka ukiwa bado mwali. Silikoni, rangi au mikwaruzo ya patasi zote zinaharibu njia hiyo.

Kwa hiyo boliti zote ziwepo, za daraja lililoandikwa na mtengenezaji. Nyuso za mfuniko zifutwe kwa kitambaa na kupakwa grisi nyembamba isiyoganda, ile tu mtengenezaji aliyoikubali. Usipige msasa. Skrubu za kuingilia zishike angalau mizunguko mitano kamili ya uzi wake. Usitoboe tundu jipya, kamwe. Lisilotumika lizibwe kwa plagi ya chuma yenye cheti cha "d". Mbele ya mwanya pasiwe na ukuta au bomba karibu kuliko milimita 10 kwa IIA, 30 kwa IIB na 40 kwa IIC, kwa maana gesi inayotoka inahitaji nafasi ya kupoa.

Glandi nayo ni sehemu ya kisanduku. Ya kubana kwa mpira inakubalika kama kebo ni ya mviringo, imejaa ndani bila uwazi, na ina urefu wa mita 3 au zaidi. Vinginevyo tumia glandi ya kizuizi, ile inayojazwa kiunga kati ya waya na waya. Kiache kikauke kwa muda ulioandikwa kabla ya kuwasha.

Hatua ya 7: Sakiti ya kipimo cha tanki

Kipimo cha kiwango cha mafuta kimo ndani ya Zoni 0, kwa hiyo ni "ia" pekee. Hapa usalama unatoka kwenye kizuizi kilichopo ofisini, kinachopunguza volti na mkondo kabla haujaenda uwanjani. Kazi yako ni kulinganisha namba za kizuizi (zenye herufi o) na za kipimo (zenye herufi i): volti (Uo isizidi Ui), mkondo (Io isizidi Ii), nguvu (Po isizidi Pi), kisha kapasitansi na indaktansi ya kipimo pamoja na kebo zisizidi Co na Lo.

Mfano: kizuizi cha volti 28, mA 93, wati 0.65, chenye Co ya nF 83 kwa IIC. Kipimo kinaruhusu volti 30, mA 100, wati 1, kina Ci ya nF 10 na indaktansi isiyohesabika. Kebo ni mita 80 na hujui namba zake, basi chukua nF 0.2 na µH 1 kwa kila mita: nF 16 na µH 80. Jumla ya kapasitansi ni 26, chini ya 83. Kwa kapasitansi inapita, na kwa IIA ina nafasi kubwa zaidi. Kama kipimo chenyewe kina kapasitansi na indaktansi zote zikizidi asilimia 1 ya Co na Lo, gawanya Co na Lo kwa mbili kabla ya kulinganisha. Karatasi ya hesabu hiyo ihifadhiwe.

Kebo hizi huwa na ganda la buluu. Viungio vyake vikae angalau milimita 50 mbali na viungio vya sakiti za kawaida. Kizuizi cha zena (kinachotumia dayodi kuzuia volti ya ziada) kinahitaji ethi yake hadi ethi kuu isizidi omu 1. Na usiazime waya mmoja ulio huru ndani ya kebo ya buluu kwa ajili ya kengele au taa, hata kwa muda.

Hatua ya 8: Ethi na umeme tuli

Ndani ya eneo la hatari nyutro na ethi zisiwe waya mmoja. Mfumo uwe TN-S (ethi na nyutro ni waya tofauti tangu kwenye transfoma), au TT (kituo kina fimbo yake ya ethi) wenye RCD. Uingereza hawaruhusu eneo la mafuta la kituo kutumia ethi inayotoka kwenye nyutro ya mtandao, kwani nyutro ikikatika barabarani mkondo wa majirani unaweza kurudi kupitia mabomba ya kituo. Sababu hiyo ina nguvu zaidi kwetu, ambako nyaya hukatika na kuibwa.

Unganisha kwa waya wa bondi fremu za pampu, mabomba ya chuma, nguzo za paa na maganda ya kebo. Kwa umeme tuli, njia ya chuma hadi ardhini isizidi omu 10. Lori liwekewe klampu ya ethi kabla ya bomba kuunganishwa, na klampu iwe ya mwisho kutoka. Ishike chuma tupu, isishike rangi. Dumu la mteja lishushwe chini, mdomo wa nozo uguse mdomo wa dumu. Juu ya bodi ya pikapu yenye plastiki, chaji haina pa kwenda.

Hatua ya 9: Kupima na kuwasha

Pima kila kitu kabla mafuta hayajaingia. Mega (kipima insulesheni) hutoa volti 500, haifai mahali penye mvuke, na itaua elektroniki na vizuizi usipovitoa kwanza. Jaribio la mzunguko wa ethi nalo hupitisha mkondo mkubwa, lifanyie kwenye DB. RCD ya mA 30 ikate ndani ya milisekunde 300 kwa mkondo wake wa kawaida.

Kituo kikishakuwa na mafuta, kazi yoyote ndani ya zoni ni kwa kibali cha maandishi, umeme umetengwa na kufungwa kwa kufuli, kipima gesi kimewashwa muda wote. Mita ya kawaida na tochi ya simu vibaki nje.

Hatua ya 10: Ukaguzi

Ukaguzi wa kwanza ni wa kina: kila kisanduku kinafunguliwa. Baada ya hapo kuna wa kutazama kwa macho, wa karibu kwa vifaa vya mkononi, na wa kina. Muda kati ya ukaguzi usizidi miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu, na vifaa vya kubebeka vikaguliwe angalau kila miezi 12. Binafsi naona miaka 3 ni mingi kwa kituo kilicho pwani, kwa ajili ya chumvi. Mwaka mmoja unatosha kula uzi wa glandi.

Beba mchoro wa zoni, usiende na orodha ya vifaa peke yake. Kinachobadilika zaidi ni matumizi ya uwanja: kibanda cha kuchaji simu, jiko la chipsi, sehemu ya kuoshea magari, nguzo ya matangazo yenye taa. Kila kimoja kipimwe kwa utepe kutoka kwenye pampu iliyo karibu. Angalia pia kama mpaka rangi amefunika kibao. Kisanduku kisichosomeka huhesabiwa hakina cheti.

Faili la kituo liwe na mchoro, nakala za vyeti, hesabu za sakiti za buluu, picha za kila kondiuti kabla na baada ya kuzibwa, aina ya kiunga na tarehe ya kukimimina. Kwenye kituo kile cha kwanza tuliziba bomba lile tupu ncha zote mbili, na zile mbili nyingine tukazitoa povu tukazijaza upya. Lori liliposhusha mafuta siku mbili baadaye, kipima gesi kilikaa sifuri dakika zote 40. Safu ya kwanza ya jedwali lao la asubuhi sasa ni ya dada wa kaunta: anafungua chumba, ananusa kabla ya kugusa swichi, anaandika ndiyo au hapana na saa.